Damu Ichotwe, Majibu Yarudi Voi

Tarehe 1 Aprili 2020, daktari wa Ufaransa Jean-Paul Mira na mtafiti Camille Locht walikuwa wakizungumza kwenye runinga ya LCI ya huko. Mira akauliza kama isingefaa chanjo ya BCG ijaribiwe dhidi ya Korona barani Afrika, mahali pasipo na barakoa, matibabu wala vyumba vya wagonjwa mahututi. Siku chache baadaye Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani, Tedros Adhanom Ghebreyesus, aliilaani kauli hiyo kuwa ni mabaki ya fikra za kikoloni. Wakati huo video ilikuwa imeshazunguka kwenye simu za bara zima, na msemo wa siku nyingi ukapata nguvu mpya: sisi si panya wa maabara.

Msemo huo unapendeza masikioni, na una sababu zake. Ila kwa Kaunti ya Taita Taveta, nchini Kenya, umewafanya watu waelekeze macho mahali pasipo na hatari. Kaunti hii haijateseka kwa kufanyiwa utafiti mwingi. Imeteseka kwa kufanyiwa mchache mno, na hata huo mchache mara nyingi ukakatizwa au ukaondoka na majibu yake. Anayetaka kuwatetea watu wa Voi, Mwatate, Wundanyi na Taveta anapaswa kudai watafiti waje, kisha awabane kwa masharti.

Lakini kwanza haki itendeke kwa upande wa pili.

Hofu ya kuchotwa damu haikuletwa na runinga ya Ufaransa. Pwani nzima inazijua hadithi za mumiani, watu wanaodaiwa kuwavizia wenzao usiku na kuwanyonya damu ili itengenezewe dawa. Zama za ukoloni hadithi za aina hiyo ziliwaandama hata wazimamoto wa mijini. Msomi anaweza kuzicheka, lakini zilibeba malalamiko ya kweli: kuna mtu anachukua kitu mwilini mwangu, hanielezi anakipeleka wapi, na faida yake siioni.

Tena yako mambo yaliyotokea kweli. Mwaka 1996, homa ya uti wa mgongo ilipoivamia Kano, kaskazini mwa Nigeria, kampuni ya Pfizer iliwapa watoto wapatao 100 dawa yake mpya ya Trovan, na wengine wapatao 100 dawa iliyokuwa ikitumika tayari. Watoto 11 walifariki kutoka makundi yote mawili. Wazazi walidai hawakuwahi kuambiwa kuwa ni jaribio, na ikabainika kuwa barua ya idhini ya kamati ya maadili iliandikwa baadaye na kurudishwa tarehe. Mwaka 2009 Pfizer ilikubali kulipa dola milioni 75 kumaliza kesi yake na Jimbo la Kano. Hakuna mtu mwenye akili timamu anayetaka yaliyotokea Kano yarudiwe Voi.

Hoja inaharibika pale yaliyotokea Kano yanapobandikwa Taita Taveta bila kutazama yaliyotokea huku. Na huku yako yaliyotokea.

Mwaka 1950 wataalamu wa malaria walikutana Kampala wakabishana vikali: je, nyumba za Waafrika zinyunyiziwe dawa ya kuua mbu? Waliosita walihofu kwamba watu wangepoteza kinga ambayo mwili huijenga kwa kuugua tangu utotoni, na ugonjwa ukirudi uwakute hawana ngao. Miongoni mwa waliosita alikuwamo Bagster Wilson, mkuu wa taasisi ya malaria ya Amani, Tanganyika. Taasisi hiyohiyo ndiyo iliyokuja kuendesha Mradi wa Malaria wa Pare-Taveta, ambao kati ya 1955 na 1959 ulinyunyizia dieldrin kwenye kuta za nyumba pande zote mbili za mpaka wa Kenya na Tanganyika.

Mbu aliyelengwa zaidi alikuwa Anopheles funestus. Huyu huingia ndani usiku, hunyonya, kisha akiwa mzito wa damu hutua ukutani apumzike. Akitua kwenye dieldrin hainuki. Matokeo yalikuwa makubwa: funestus alitoweka karibu kabisa, vimelea katika damu za watoto vikapungua sana, na vifo vya watoto wachanga vikashuka. Lengo la kukata kabisa maambukizi, hata hivyo, halikufikiwa. Mwaka 1959 unyunyiziaji ukakoma. Wataalamu waliendelea kuhesabu vizazi na vifo hadi 1966, na katika miaka hiyo waliishuhudia malaria ikirejea taratibu.

Mtu wa leo anaweza kuushitaki mradi ule kwa mengi. Ridhaa ya mtu mmoja mmoja haikuwa desturi ya zama zile. Tamko la Helsinki, linalodai ridhaa hiyo, lilipitishwa mwaka 1964. Dieldrin yenyewe baadaye ilionekana kuwa sumu kali inayodumu ardhini na mwilini kwa miaka, na Mkataba wa Stockholm wa 2001 ukaiweka kwenye orodha ya kemikali za kupigwa marufuku. Hayo yote ni kweli. Lakini kosa kubwa la mradi lilitokea mwaka 1959: watoto waliokulia katika miaka michache ya nafuu waliachwa wakutane tena na malaria, huku swali la Kampala kuhusu kinga likiwa bado halijajibiwa. Mwanahistoria Melissa Graboyes, aliyeandika mwaka 2015 kuhusu utafiti wa tiba Afrika Mashariki, amelishughulikia kwa kirefu suala hili la miradi kuondoka na wenyeji kubaki. Msemo wa panya wa maabara hauna la kusema hapa. Unapinga jaribio kuanza, na umenyamaza kuhusu siku linapofungwa.

Zipo pia faida ambazo zisingepatikana mahali pengine. Mwaka 1960, Mick Gillies na Alec Smith walieleza kuwa baada ya unyunyiziaji nafasi ya funestus ilichukuliwa na mbu wa jamii yake, Anopheles rivulorum, anayefanana naye sana lakini anayependelea damu ya ng'ombe. Bila jicho la karibu, karani angewahesabu mbu, akaona wamejaa, akaandika kuwa dawa imeshindwa.

Zaidi ya nusu karne baadaye, mwaka 2013, Joseph Mwangangi, Charles Mbogo na wenzao walichapisha matokeo ya kukamata mbu hukohuko Taveta. Walikuta malaria ikienezwa na Anopheles arabiensis, na pia na Anopheles coustani, mbu ambaye vitabu vilikuwa vimempuuza kwa sababu anapenda kukaa nje na kuuma mifugo. Kwa mkazi wa Taveta habari hiyo ina uzito. Jioni watu wako nje: anayemwagilia migomba, anayepakia ndizi kwenye lori, wanaoota moto wakipiga soga. Chandarua kinaning'inia chumbani, na hakitamkinga mtu mpaka aingie kulala. Mpango wa malaria unaotegemea chandarua peke yake una tundu, na tundu hilo limeonekana kwa sababu kuna watu waliokaa nje usiku Taveta wakikamata mbu mmoja mmoja. Hakuna maabara ya London au Atlanta ambayo ingeweza kulibaini kwa niaba yao.

Sasa tazama mgonjwa wa homa anapofika zahanati. Mhudumu humchoma ncha ya kidole, tone la damu linaingia kwenye kipande cha plastiki, matone machache ya dawa ya kipimo yanafuata, na baada ya dakika 15 hivi mstari unajitokeza. Ukiwa mmoja tu, ule wa kuonyesha kuwa kipimo kinafanya kazi, hakuna malaria. Mgonjwa lakini bado anatetemeka, viungo na macho vinamuuma. Aandikiwe nini? Mara nyingi ni antibiotiki, sindano ya maumivu, na pengine dawa ya malaria vilevile, kwa tahadhari.

Mwaka 2020 Moses Masika na wenzake wa Chuo Kikuu cha Nairobi na cha Helsinki walichapisha walichokipata katika damu ya wagonjwa wa homa wa Taita Taveta, iliyokusanywa mwaka 2016: virusi vya dengi aina ya pili, ndugu wa karibu wa virusi vya India. Dengi si ugonjwa wa kutibu kwa kubahatisha. Anayeugua dengi akipewa aspirini au diklofenaki, hatari ya kutokwa damu huongezeka; paracetamoli na maji ya kutosha ndiyo salama zaidi. Kwa hiyo utafiti ule ulikuwa unajibu swali linaloulizwa kila siku kwenye benchi la wagonjwa Voi. Aibu iko hapa: matokeo yanasomeka kwa yeyote duniani mwenye intaneti, lakini mhudumu wa zahanati anayeshika bomba la sindano ya diklofenaki anaweza kumaliza mwaka mzima bila kuyasikia.

Kisha kuna popo. Mwaka 2018 watafiti haohao wa Nairobi na Helsinki, chuo ambacho kimekuwa na kituo chake cha utafiti Wundanyi kwa miaka mingi, walikuta virusi vya Bombali katika popo wa Milima ya Taita. Ni virusi vya jamii ya Ebola, vilivyogunduliwa kwanza Sierra Leone, na popo wanaovibeba hupenda kulala katika mapaa ya nyumba. Habari ya namna hiyo ingeweza kuzua taharuki. Lakini timu hiyo ilikuwa imepima pia sampuli za wagonjwa wa homa wa eneo hilo, na haikuona ushahidi kuwa binadamu ameambukizwa. Mwenye nyumba anayesikia mikwaruzo juu ya mabati yake anastahili kujua yote mawili: kirusi kipo, na mpaka sasa hakijaonekana kumdhuru mtu. Marufuku ya utafiti ingemwachia uvumi.

Wako wanaokubali haya yote, kisha wakaongeza: basi tufanye uchunguzi wa mbu na popo, lakini dawa zijaribiwe kwao kwanza, huku ziletwe zikiwa tayari. Inasikika kama busara, ila Waafrika wameshazikwa kwa sababu ya busara hiyo.

Kwa miongo mingi vitabu vya hospitali tajiri vilifundisha kuwa mtoto mahututi mwenye dalili za mzunguko wa damu kufifia atundikiwe maji mengi ya mishipani kwa haraka. Kati ya 2009 na 2011, chini ya Profesa Kathryn Maitland, utaratibu huo ulipimwa katika hospitali sita: Kilifi nchini Kenya, Teule ya Muheza nchini Tanzania, na Mulago, Mbale, Soroti na Lacor nchini Uganda. Watoto 3,141 walishiriki. Katika saa 48 za kwanza walifariki asilimia 10.6 ya waliopewa albumini kwa haraka, asilimia 10.5 ya waliopewa maji ya chumvi kwa haraka, na asilimia 7.3 ya ambao hawakuharakishiwa maji. Kamati ya usalama ililisimamisha jaribio kabla ya wakati wake. Kwa maneno mengine, tiba iliyokuja ikiwa tayari ilikuwa inaua watoto watatu zaidi katika kila mia moja, na isingejulikana kamwe kwa kusubiri jibu la Ulaya, kwa kuwa Ulaya mtoto huyo ana mashine ya kupumulia kando ya kitanda.

Dawa ya sumu ya nyoka inasimulia yaleyale. Ghana ilipobadili dawa mwaka 2004 na kuanza kutumia iliyotengenezwa India, vifo vya walioumwa na nyoka katika hospitali moja ya vijijini vilipanda kutoka asilimia 1.8 hadi 12.1. Sumu ya nyoka hutofautiana kutoka nchi hadi nchi, na dawa inayofaa kwa nyoka wa huko inaweza kuwa maji tu kwa nyoka wa huku. Taita Taveta, iliyozungukwa na mbuga za Tsavo, ina vifutu, koboko na fira. Mmoja wa mafira wa nyanda kavu za Kenya, Naja ashei, alitambuliwa kisayansi kuwa spishi ya peke yake mwaka 2007. Mkulima aliyeumwa Maktau au Kasigau ana haki ya kuuliza kama kichupa kilichomo kwenye friji ya hospitali kimewahi kupimwa dhidi ya nyoka aliyemuuma. Swali hilo haliwezi kujibiwa bila utafiti wa huku.

Ajabu ni kwamba jamii hiyohiyo inayokataa kuwa panya wa maabara imekuwa ikikimbilia majaribio yasiyo na daftari. Mwaka 1990 serikali ya Kenya ilitangaza Kemron, interferoni ya kiwango kidogo iliyotoka kwa taasisi ya utafiti wa tiba ya KEMRI chini ya Davy Koech, kuwa ni mwanga mpya dhidi ya UKIMWI. Majaribio yaliyofuata, likiwemo la Uganda lililoilinganisha na dawa isiyo na kitu, hayakuona faida yoyote. Mwaka 1996 ikaja Pearl Omega ya Profesa Arthur Obel, ambayo serikali iliishia kuipiga marufuku baada ya wagonjwa kutoa fedha zao. Mwaka 2011 watu kwa maelfu, Wakenya wakiwemo, walifunga safari hadi Samunge, Loliondo, nchini Tanzania, kunywa kikombe cha dawa ya Mchungaji Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500 za Tanzania. Wengine walifia njiani na kwenye foleni.

Hayo yalikuwa majaribio. Dawa mpya ilipewa watu wengi bila kujulikana inafanya nini. Tofauti ni kwamba hapakuwa na fomu ya ridhaa, hapakuwa na kamati ya kusema simameni, na hakuna aliyeandika nani alipona na nani alizikwa. Ukilinganisha na wodi ya Kilifi, ambako kila kifo kilihesabiwa mpaka jaribio likasimamishwa, ni wapi hasa binadamu alichezewa?

Hoja iliyobaki ndiyo nzito kuliko zote: maskini hawezi kuridhia kwa hiari. Akiambiwa atatibiwa bure na kurudishiwa nauli, atatia dole gumba popote. Kuna ukweli ndani yake. Ikiwa njia ya pekee ya mama kumwona daktari ni kuingia kwenye mradi, ridhaa yake ina mkono nyuma ya shingo. Lakini mkono huo ni wa serikali iliyoiacha zahanati bila daktari, na Katiba ya 2010, kifungu cha 43, imeshaiambia serikali hiyo wajibu wake kuhusu afya. Kumfukuza mtafiti hakuleti daktari. Kuna dharau pia katika hoja hii. Mama huyohuyo anauza ng'ombe, anachukua mkopo kwa simu, anamsomesha mtoto, anapiga kura. Fomu ikisomwa kwa Kiswahili, au kwa Kidawida au Kitaveta, ikamweleza kuwa damu itakayochukuliwa ni mililita tano, sawa na kijiko cha chai, kwamba inapimwa kitu fulani, na kwamba akikataa atatibiwa vilevile, ataelewa. Asipoelewa, aliyeshindwa ni mwandishi wa fomu.

Wanasiasa wana yao: utafiti ni anasa, kaunti inataka maji na dawa. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 inataka asilimia 2 ya pato la taifa iende kwenye utafiti, na kiwango hicho hakijawahi kufikiwa. Matokeo yake ni kwamba anayelipa ndiye anayechagua swali, na ndiye anayechagua siku ya kuondoka. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada ya USAID, majaribio ya tiba katika nchi kadhaa za Afrika yalikwama nusu njia, washiriki wakiwa tayari wameanza dawa au wamevaa vifaa vya kinga mwilini. Taveta ya 1959 ingewaelewa. Afrika ina karibu asilimia 18 ya watu wa dunia, lakini majaribio ya tiba yanayofanyika humu hayafiki hata asilimia 5 ya yote. Bara lenye sehemu ndogo hivyo halina haja ya kufunga mlango. Lina haja ya kukaa mlangoni na kuuliza maswali.

Maswali yenyewe yanajulikana. Sampuli zitahifadhiwa wapi, na nani atakuwa na ufunguo wa friji? Mwaka 2000 wanasayansi wa Nairobi walizozana na wenzao wa Oxford kuhusu hakimiliki ya chanjo ya UKIMWI iliyotokana na utafiti wa wanawake wa mtaa wa Majengo, Nairobi, kwa kuwa Wakenya walikuwa wameachwa nje ya hati. Majina ya Wakenya yatakuwa wapi kwenye chapisho? Matokeo yatasomwa lini kwenye baraza la chifu, na nani atayapeleka kwa wahamasishaji wa afya ya jamii wanaopita nyumba kwa nyumba? Dawa ikifaulu, walioshiriki wataipata kwa miaka mingapi?

Mtafiti anayetaka kufanya kazi Taita Taveta tayari anahitaji idhini ya kamati ya maadili, leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, na kuripoti kwa maofisa wa kaunti kabla ya kuanza. Karatasi zote hizo humuuliza atakavyoingia. Huduma za afya ni jukumu la kaunti, na wawakilishi wadi wanaokutana Wundanyi wanaweza kuongeza ukurasa mmoja wa kumuuliza atakavyotoka: fedha zikikatika katikati, nani atawatibu washiriki, kwa bajeti ipi, na nani atakuja Hospitali ya Rufaa ya Moi pale Voi kuwaeleza wahudumu kilichopatikana. Mradi ambao hauwezi kuujaza ukurasa huo uambiwe urudi ukajipange, na ule unaoujaza upewe dawati, umeme na wagonjwa watakaokubali.